Riwaya Niliyoimalizia Uani

Mwezi uliopita shule niliyoiacha njiani iliniita nikazungumze na wanafunzi wake. Enzi zangu mlinzi wa lango lile la Ganjoni alinijua kwa kuruka ukuta. Huyu wa sasa alinipigia saluti, akanionyesha kivuli cha kuegesha gari. Sikuitwa hivi hivi tu. Sakafu ya maktaba yao mpya ni vigae vyangu, na sikuwauzia, niliwapa. Nakwambia mapema ili ujue unazungumza na nani. Kama umewahi kuingia hoteli au ofisi ya maana katika kisiwa hiki cha Mombasa miaka ya karibuni, basi huenda umekanyaga mali iliyotoka dukani kwangu. Nilianza kwa kubeba saruji mgongoni, leo nina maduka matatu, na cheti cha kidato cha nne sina.

Nilizungumza nao vizuri, wakacheka panapochekwa, wakapiga makofi. Mwishoni akasimama msichana mmoja wa mstari wa nyuma, akaniuliza ni somo gani la shuleni lililonisaidia zaidi maishani. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa furaha, akingoja nitaje hesabu. Nikasema fasihi. Ukumbi mzima ukacheka, kwa kuwa walidhani bado nafanya mzaha. Sikuwaeleza. Muda ulikuwa umekwisha, na nilijua nikianza sauti yangu itanisaliti mbele za watoto. Kwa hivyo nakueleza wewe, tulivyokaa hivi, taratibu.

Mimi nimekulia Majengo, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ujia katikati, na mwisho wa ujia kuna ua. Mama alikuwa ameolewa Tanga, kwa hivyo nililelewa na nyanya, mamake mama. Nyanya alikuwa akiuza viazi vya karai. Kila siku baada ya swala ya alasiri karai lilipanda jikoni pale uani, na mpaka jua linapotua mtaa wetu wote ulinuka dengu, bizari na ukwaju. Sijala viazi kama vile tena, na nimekula kwenye hoteli ambazo wewe na mimi tukiingia pamoja itabidi nikulipie. Unga wake ulishika kiazi kama ngozi. Ukiuma, ulisikia kwanza mlio, kisha joto, kisha ule ukali wa pilipili ulioufanya ulimi utafute ukwaju.

Kazi yangu ilikuwa kumenya viazi. Ndoo nzima, kila siku ya Mungu, mpaka vidole vikaota makunyanzi. Nilikuwa naichukia kazi ile kuliko bakora.

Uani pale alasiri hapakukosa wanawake wawili zaidi ya nyanya. Mmoja alikuwa mke wa mfanyakazi wa bandari, mtu wa bara, Mkristo, mwenye kicheko kikubwa na mtoto mgongoni kila nilipomwona. Mwingine alikuwa jirani yetu wa chumba cha mwisho, mjane wa makamo, mzaliwa wa Mji wa Kale, aliyekuwa akishona kofia za mkono. Huyu alikuwa na mtoto mmoja tu maishani, kijana aliyeajiriwa melini kama mpishi. Mwanzo barua zilikuja kutoka kila bandari. Kisha zikawa chache. Kisha hazikuja kabisa, na mimi nilipoingia kidato cha kwanza ulikuwa mwaka wa sita. Mabaharia waliorudi kila mmoja alikuwa na lake. Wa kwanza alisema meli ilizama na watu wote. Mwingine akasema alimwona kijana kwa macho yake, amenenepa, ana duka nchi za watu.

Ndugu zake wa Mji wa Kale walikuwa wakija kila baada ya miezi kadhaa kumshauri asomewe kijana khitma, watu wamwombee, yeye mama apumzike. Alikuwa akiwasikiliza kwa heshima zote, akawapa kahawa, kisha akawaambia maneno yale yale: aliye hai hasomewi khitma. Na kila magharibi alipopakua chakula alipakua sahani mbili. Moja yake, ya pili akaifunika kawa na kuiweka kando. Asubuhi sahani ile alinipa mimi kabla sijaenda shule. Nilikuwa nikikila chakula cha mtu aliyepotea baharini, wali wa nazi na samaki wa kupaka, na wala sikuwaza chochote ila kwamba ni kitamu.

Sasa shule. Sisi watoto wa Mombasa tuna kosa letu moja, na lilikuwapo zamani na lipo leo: hatusomi Kiswahili. Tutakisomaje na ni chetu? Hesabu tunakesha nazo, Kiingereza tunakihangaikia, Kiswahili tunakwenda nacho mtihanini kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake. Na mwalimu wetu wa fasihi tulimdharau tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alikuwa mtu wa bara. Mrefu, mwembamba, shati jeupe la mikono mirefu hata mwezi wa Machi, joto ambalo hata kucha hutoka jasho. Wakati wa mapumziko tulikuwa tukiiga lafudhi yake, na mimi nilikuwa bingwa. Nilimwiga mpaka na kikohozi chake.

Mtihani wa kwanza wa fasihi nikapata kumi na moja kwa arobaini. Aliyeongoza darasa alikuwa mtoto wa Machakos, ambaye baba yake wa reli alihamishiwa kwetu mwaka ule ule na bado akituuliza mahamri ni nini. Mwalimu alinirudishia karatasi yangu mbele ya wote. Hakunitukana, na hilo ndilo lililouma. Alisema tu, "Kiswahili mmekinyonya, sikatai. Fasihi hamkuinyonya. Hiyo mtaitafuna kama sisi wengine."

Mimi tangu utotoni sivumilii kuwa chini. Ndio maana niko hapa nilipo. Siku ile nikaichukua riwaya ya darasa nikaenda nayo nyumbani. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watu watatu wa dawati moja, na wenzangu nao walikitaka, lakini niligundua kwamba viazi vitatu vya karai vilivyofungwa gazetini vinaweza kumfanya mtu asahau zamu yake. Biashara yangu ya kwanza hiyo.

Nilijikunyata pembeni mwa ua nikaanza kusoma, macho kitabuni, mdomo kimya, kama mwalimu alivyotufunza. Nyanya akanitazama, akatazama ndoo ya viazi, akaniuliza nafanya nini. Nikasema nasoma. Akasema hasikii kitu. Kwa nyanya yangu, unaona, kusoma kulikuwa ni sauti. Ndivyo tulivyolelewa sote chuoni, kwenye Kurani: unasoma kwa sauti mwalimu akusikie, na mwenye kunyamaza ni mvivu au amesinzia, na bakora inamfikia popote alipo. Akaniambia, "Kama ni kusoma kweli, soma nisikie. Kama si kusoma, kisu hicho hapo."

Nikasoma kwa sauti. Hata leo nikiulizwa nani alinifunza fasihi, nasema ni ndoo ile ya viazi.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya mama mmoja wa kijiji cha bara, ambaye mwanawe wa pekee aliondoka kwenda kutafuta kazi machimboni. Mama amebaki na shamba, na chifu mmoja mwenye tamaa anayelimezea mate shamba hilo, na kila wiki siku ya basi anakwenda kituoni kutazama wanaoshuka. Sikufikiri lolote nilipoanza. Kwangu ilikuwa ni kazi ya shule. Lakini nilipofika ukurasa wa tano au wa sita niliona sindano ya jirani yetu imesimama juu ya kofia, haiendi. Nilipofunga kitabu kwa ajili ya magharibi aliniuliza, bila kunitazama, kesho nitasoma saa ngapi.

Tangu siku ile ndoo ya viazi haikuwa yangu tena. Wanawake wale watatu waligawana kumenya, na mimi nikawekwa kwenye kigoda changu kama karani wa kadhi. Nakwambia, hakuna darasa lililokuwa kali kama lile. Huwezi kulipua, kuruka hata mstari. Nyanya alikuwa akimlaani yule chifu kwa jina, kila anapotokea, na akinikataza kumsoma vizuri. Nikimpa sauti nzito ya mkubwa, ananiambia, "Usimpe sauti ya heshima, mwizi yule." Mke wa mfanyakazi wa bandari ndiye aliyekuwa mfasiri wa mambo ya bara, akitueleza ghala la mahindi likoje na baridi ya asubuhi ikoje. Lakini nyanya na jirani wakawa wanamshikilia yeye kwa makosa ya kijiji kizima. Waliwahi kumbana mchana mzima, kwa nini watu wao humwacha mama wa watu peke yake na hakuna hata mmoja anayemtembelea. Mwanamke wa watu akajitetea mpaka akachoka. "Mimi mtu huyu simjui, jamani," akasema. "Yuko kitabuni." Nyanya akamwambia hata kama yuko kitabuni, mngempelekea hata mboga.

Na mimi, bila kujua, nilikuwa natafuna. Kila swali nililoulizwa uani lilikuja baadaye darasani limevaa suti. Kwa nini chifu anamsalimu mama kwa unyenyekevu siku ile ya mazishi? Nyanya alishalijibu. Kwa nini mwandishi anataja viatu vya kijana mara nyingi vile? Jirani yetu alilijibu hilo kwa neno moja, alisema mama huanza kusahau uso, viatu havisahau. Nilipolisema lile darasani, mwalimu aliiweka chaki chini. Akaniuliza nimelisoma wapi. Nikasema nimefikiria mwenyewe. Nilikuwa mwongo hodari enzi hizo. Muhula ule nikapanda hadi nafasi ya pili, nyuma ya yule wa Machakos, na wala sikumwiga tena mwalimu kikohozi.

Zikabaki kurasa chache. Siku moja darasani mwalimu alitupa kipindi kizima tusome kimya, na ndivyo nilivyofika mwisho wa riwaya kabla ya uani kufika. Kijana harudi. Mama anakwenda kituoni mara ya mwisho, anangoja mpaka utingo anafunga mlango, na anajua. Hakuna anayemwambia, anajua tu. Anarudi nyumbani, anakifungua kibanda cha mwanawe, anakifagia, anasimama mlangoni na kumwita kwa jina mara moja. Kisha analichukua jembe lake na kumpa mtoto wa jirani. Basi. Kitabu kimekwisha.

Nilitazama ukutani mpaka kengele ikalia. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwili wa kubeba magunia, na miguu haikutaka kunirudisha Majengo. Njia nzima nilikuwa nikiona sahani ile chini ya kawa. Nitamsomeaje mama yule maneno haya, mimi ambaye kiamsha kinywa changu ni chakula cha mwanawe?

Sikumsomea. Alasiri ile waliketi mapema kuliko siku zote, jirani ameiweka kofia kando kabisa. Nikafungua kitabu pale pale, nikaweka kidole juu ya mstari, nikaanza kusema ya kwangu. Basi likaja. Akashuka mzee, akashuka mwanamke na kuku wake, kisha akashuka kijana, mrefu, saa mkononi, sanduku kichwani. Mke wa mfanyakazi wa bandari akapiga vigelegele. Nikaona hawajatosheka, nikaendelea. Mama akamshika uso. Chifu akakimbia mji. Kijana akaoa, na harusi nikaifanya siku tatu, nikapika pilau, nikachinja mbuzi wanne. Nyanya akauliza kijana amemletea mama nini, nikamtolea sandukuni jozi tatu za leso na redio. Jirani yetu alikuwa anatabasamu, ameinamisha kichwa. Aliniambia, "Umesoma vizuri leo, mwanangu." Usiku niliona nimefanya jambo la kiume.

Wiki mbili baadaye ukaja mtihani wa mwisho wa muhula. Swali la nne lilituuliza tueleze namna mwandishi alivyoihitimisha riwaya yake na tuonyeshe ufaafu wake. Na mimi, Mungu ni shahidi, niliandika ile ya kwangu. Sikufanya makusudi. Nilikuwa nimeisimulia uani mara nne au tano kwa kuombwa, harusi ikiongezeka kila mara, na kalamu ikaenda yenyewe. Niliandika kurasa mbili na nusu. Nilikuwa wa kwanza kutoka nje, nikijua safari hii Machakos anabaki nyuma.

Mwalimu aliniita siku iliyofuata, peke yangu, kwenye chumba cha vitabu. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake. Alisema amekuwa akisahihisha mitihani tangu sijazaliwa na hajawahi kuona jambo kama lile. "Swali limekuuliza mwandishi alimalizaje," akaniambia. "Wewe umenipikia pilau. Mwandishi huyu wa bara, pilau kaitoa wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na uongo mzuri tayari. Lakini alikuwa akinitazama kama mtu anayetaka kujua kweli, basi nikamwambia yote: viazi, nyanya, kofia, meli, sahani. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza nikasema, nikitaraji sifa, kwamba angalau nimemfurahisha mama wa watu.

Alijifuta chaki vidoleni, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema maneno ambayo nimetembea nayo miaka yote hii. "Katika mji huu mzima jirani yako alikuwa amempata mtu mmoja anayejua uchungu wake. Mama yule wa kitabuni. Walikuwa wakingoja pamoja. Wewe umemfukuza mwenzake, ukamwachia harusi ya watu."

Nikamuuliza sasa nifanye nini. Akasema yeye amefunza kitabu tu, mambo ya uani kwetu hayajui. Swali la nne akanipa sufuri. Lakini kitabu, akasema, naweza kukaa nacho mpaka Jumatatu.

Jumamosi ile baada ya alasiri nilivuta kigoda changu. Karai lilikuwa limeshika moto, nyanya anachovya viazi, mke wa mfanyakazi wa bandari anamnyonyesha mtoto. Nikasema kuna kurasa za mwisho za kitabu kile ambazo sikuzisoma. Nyanya akanigeukia na mwiko mkononi. Jirani yetu hakuinua hata macho.

"Najua," akasema. "Siku ile kijana alirudi, akaoa, akafanya harusi siku tatu, na wewe hukugeuza karatasi hata moja."

Mke wa mfanyakazi wa bandari akacheka, kisha akajiziba mdomo. Nikamuuliza jirani kwa nini hakuniambia kitu wakati ule.

"Ulikuwa wanipenda," akasema. "Ningekukatizaje?" Akachomeka sindano kwenye kofia, akaiweka mapajani. "Sasa nisomee kilichoandikwa."

Nikasoma. Sikumpa mtu sauti yoyote safari hii, nilisoma maneno kama yalivyolala. Basi likaja, likaondoka. Mama akarudi nyumbani. Akafagia. Nilipofika pale anaposimama mlangoni na kumwita mwanawe, nilisikia harufu ya kuungua, nikajua nyanya ameacha viazi karaini, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada. Nikasoma mpaka jembe, nikafunga kitabu.

Kisha jirani akaniomba nirudie pale anapofagia. Nikarudia. Akaniomba tena. Mara ya tatu nilipofika kwenye lile jina linaloitwa mlangoni, hakungoja kitabu. Aliita jina la mwanawe. Mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aje ale. Na hapo ndipo akalia. Kilio kile nyumba ya vyumba sita ilikuwa imekingoja miaka sita. Mke wa mfanyakazi wa bandari alimweka mtoto chini mkekani akaja akamshika. Nyanya aliepua karai, akaja akamshika upande wa pili. Mimi nilibaki na kitabu changu, sijui nikiweke wapi.

Magharibi ile alipakua sahani moja.

Ijumaa iliyofuata khitma ikasomwa pale pale kwetu. Mikeka ilitandikwa ujia mzima mpaka mlangoni, ubani ukafukizwa, ndugu zake wakaja kutoka Mji wa Kale na kanzu zao nyeupe, juzuu zikagawanywa. Mimi nikapewa moja, kwa kuwa jirani alisema mtoto huyu lazima asome. Mara nyingi nilikuwa nimesoma khitma za watu, akili yangu ikiwa kwenye halua inayofuata. Siku ile nilisoma nikijua yuko mtu nyuma ya pazia anayesikiliza. Nilipotoka nje kuvuta hewa nikamkuta mwalimu wetu kwenye baraza ya mbele, shati lake jeupe, ameketi na mume wa yule mwanamke wa bara, wageni wawili wa Kikristo na vikombe vyao vya kahawa tungu. Sijui nani alimwambia. Alinisogezea nafasi, nikaketi. Hatukuzungumza kuhusu kitabu. Aliniuliza tu kahawa hii huwa hamtii sukari kweli?

Baada ya siku saba jirani aliniuliza kama shule ina kitabu kingine. Shule haikuwa nacho, mwalimu alikuwa nacho chake. Tulisoma vitatu zaidi uani pale, na vyote nikavisoma mpaka mwisho, chema kikawa chema na kichungu kikawa kichungu. Kisha muhula wa pili wa kidato cha tatu miguu ya nyanya ikavimba, akawa hawezi kusimama mbele ya moto, na mimi nikaenda kubeba saruji kwa Mhindi mmoja wa vifaa vya ujenzi. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kunitafuta. Mara ya pili nyanya alilia mbele yake. Nilimwambia mwalimu nimeshakuwa mtu mzima. Alinipa mkono kama mtu mzima, akaondoka. Mwaka uliofuata alihamishiwa bara, na nilipopata uwezo wa kumtafuta sikumpata. Ningempata ningemwonyesha maduka, sikufichi. Lakini kabla ya maduka ningemwambia kwamba mteja anapoingia na kusema anataka vigae vya bei nafuu tu, huwa simjibu haraka. Namuuliza ni chumba cha nani. Kisha nanyamaza, namsikiza anapoishia na asichokisema. Washindani wangu wana shahada za biashara, na bado hawajajua kwa nini watu wananirudia mimi.

Nyanya amelala makaburini Kikowani. Jirani alirudi kwa ndugu zake, akafa kwa amani, kofia zake bado naziona vichwani mwa wazee. Yule mwanamke wa bara alirudi kwao na watoto watano na Kiswahili cha Majengo ambacho sijui huko anazungumza na nani. Ile nyumba imevunjwa, pamesimama jengo la ghorofa sita, na palipokuwa na karai pamewekwa tangi la maji. Sina ugomvi na jengo. Vigae vyake, nitakudanganya nini, ni vyangu.

Nyumba yangu mimi ina vyumba tisa, na kila mtu ana chake na simu yake. Ramadhani iliyopita, siku moja baada ya alasiri, nilichukua riwaya ambayo binti yangu anaisoma shuleni, nikavuta kiti jikoni, nikaanza kuisoma kwa sauti. Mke wangu akaniuliza kama miwani yangu imepotea. Binti akaja, akasimama kidogo, akaniambia kwa adabu, "Hiyo nimeshaimaliza, baba," akarudi chumbani kwake. Nikaendelea peke yangu. Nilisoma sura nzima ya kwanza, vizuri, na muovu wake sikumpa sauti ya heshima. Nilipofika mwisho wa sura nikanyamaza, nikingoja mtu aniulize kesho tutaendelea saa ngapi. Nilisikia friji tu, ikiguruma.